Nilikunywa, Nikaacha

Sifa ni za Mungu, aliyenipa ulimi wa kuonja kabla ya ulimi wa kusema, akaulinda katika miaka ambayo watu walipotea kwa neno moja. Yeye ndiye aliyenivusha. Mimi sikuwa na akili ya kujivusha. Namshukuru kwa uzee huu, kwa meno manne yaliyobaki, na kwa asubuhi hii ambayo mkono wangu hautetemeki sana.

Nataka kueleza jambo la chai. Wajukuu wangu hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, huniuliza kwa nini sinywi chai wageni wakija, nami huwaambia ni hadithi ndefu. Leo nina nafasi. Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na watu wa msituni, hapakuwa na jambo dogo, na chai yangu ilikaribia kunipotezea mtoto.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, upande wa Embu ulio karibu na msitu. Askari wa serikali walimchukua akiwa na chaki mkononi, na hakuna aliyeniambia kosa lake. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa mwaka na nusu. Niliposikia kwamba nyumba zetu zitachomwa na sote tutakusanywa katika kijiji kimoja, nilimbeba mgongoni nikampeleka kwa mama yangu huko chini Siakago, katika nchi kavu ya Mbeere nilikozaliwa. Nilidhani ni kwa majuma machache. Ikapita miaka miwili.

Kijiji chetu kilikuwa na mlango mmoja. Nyumba za nyasi zilisongamana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Kulikuwa na handaki kukizunguka, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa. Asubuhi kipenga, tunakwenda kuchimba handaki jingine refu kandokando ya msitu. Jioni kipenga, tunarudi, tunahesabiwa. Homgadi, ndio wale walinzi wa kienyeji, waliingia nyumba wakati wowote wakafunua chungu. Kama umepika chungu kikubwa kuliko vinywa vyako, ulieleza ni nani mwingine anayekula. Mara kwa mara aliletwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, tukapitishwa mbele yake mmojammoja. Akitikisa kichwa, umekwenda. Baadaye tulikuwa tukitazamana miguu, maana gunia halikufika miguuni, na kila mtu alijua miguu ya kila mtu.

Hata vitu ambavyo mtu anavipenda au havipendi vilichunguzwa. Ilisemekana kwamba waliokula kiapo cha msituni wamekatazwa vitu vya Wazungu, kama pombe ya chupa na sigara. Basi mzee mmoja aliacha sigara kwa sababu ya kifua, akalala ndani siku nne akieleza kifua chake.

Hapa lazima nieleze neno moja. Kwa Kiswahili kiapo huliwa. Kwa Kiembu, kwa Kimbeere cha kwetu, na kwa Kimeru pia, kiapo hunywewa. Ndivyo tunavyosema, ingawa hakina maji. Mtu akikuuliza kwa lugha yetu kama umekunywa, bila kutaja ni nini, huhitaji kuuliza anamaanisha nini.

Mimi chai nilifundishwa. Nilipopelekwa shule ya wasichana ya misheni kule Meru, mama mmoja wa Kizungu alitufundisha kusoma, kushona na kunywa chai, kwa mfuatano huohuo. Aliyebakiza chai kikombeni aliambiwa hana shukrani. Kisha nikaolewa na mtu aliyependa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, nami nikanywa kama yeye kwa miaka sita. Mtu angeniuliza, ningesema naipenda, na nisingekuwa nimesema uongo, maana sikuwahi kujiuliza.

Alipochukuliwa niliendelea kuchemsha chai saa kumi, birika lilelile, vikombe viwili. Kikombe cha pili nilikinywa mimi kikiwa kimepoa. Halafu sukari ikaisha. Jioni moja nilitoka handakini mikono imepasuka, sina kuni za kutosha kuchemsha kitu. Nikala nduma baridi ya jana kwa chumvi, nikanywa maji ya mto kwenye kibuyu. Mwili ukaniambia ahsante, waziwazi, mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu mlangoni aliyeniona. Nikajua, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto, kwamba sipendi chai. Siipendi hata kidogo.

Baada ya hapo mambo mengine yakaja yenyewe. Niligundua kwamba napenda kunde zilizokomaa kuliko changa. Napenda tenzi zikiimbwa polepole, si kwa mbio kama mume wangu alivyotuongoza kanisani. Nguo zangu tatu zote zilikuwa za buluu, kwa kuwa yeye alisema buluu inanifaa, nami nikaona kwamba buluu ni rangi ninayoivumilia tu. Nilitamani kitu cha rangi ya udongo.

Sikufurahi. Nilijishuku. Mtu yuko kizuizini, anakula uji wenye funza, na mke wake ameketi anachagua rangi! Nilihisi kama ninamzika akiwa hai, kijiko kimojakimoja. Niliomba toba kwa majuma mawili. Mwishowe nikaona sijui hasa ninatubu nini, nikaacha kutubu, nikashukuru kwa nduma.

Lakini kijijini kulikuwa na chama cha akina mama. Kilikutana kila Jumatano kando ya kituo cha homgadi, na kiongozi wake alikuwa mke wa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Tulifundishwa kufuma na kuosha watoto, na mwisho mke wa hedimani alitugawia chai kutoka sufuria kubwa, yenye maziwa ya unga na sukari nyingi. Chai ile ndiyo iliyokuwa mkutano wenyewe. Aliyekunywa alionekana amekunywa. Aliyeonekana alipata unga siku ya mgawo, na jina lake lilisomwa vizuri siku ya pasi, vile vibali vya kutoka kijijini. Bila pasi huwezi kuvuka daraja hata kwenda mazishini.

Jumatano ya kwanza niliposhika kikombe bila kukinywa, mke wa hedimani aliniambia kwa upole, "Mama mwalimu, maziwa yetu yananuka?"

Nikasema ni tumbo. Huo ndio uongo wangu katika habari hii, na ndio uliozaa mengine yote.

Jumatano iliyofuata akaniuliza, "Hilo ni tumbo gani linalouma Jumatano tu?" Wanawake wakacheka. Akajaza kikombe cha mwingine, akaniangalia tena. "Na kama hapa hunywi, mama mwalimu, unakunywa wapi?"

Alilisema kwa Kiembu. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja akatazama ufumaji wake kama kwamba uzi umekatika.

Ajabu ni kwamba jirani yangu alinishuku kwa upande wa pili. Alikuwa mjane, nyumba yake imegusana na yangu, na zamani alikuwa akija kuomba kaa la moto kila jioni. Nilipoanza kwenda kwenye chama aliacha kuja. Alikwenda nyumba ya nne kutafuta moto, akipita mlangoni kwangu na kigae chake mkononi, ili nimwone anapita. Kwake yeye, aliyekunywa chai ya hedimani aliuza watu. Sasa aliposikia nimeacha, akarudi siku hiyohiyo. Alichukua kaa, akainama, akaninong'oneza kama nina chumvi kidogo kwa ajili ya "wale watoto." Nilijua ni watoto gani, wale wenye bunduki msituni. Au nilidhani najua. Huenda alitumwa na watu wa msituni, au alitumwa na hedimani anijaribu, au alikuwa mama mzee mwenye huruma. Nilimpa moto, chumvi sikumpa. Mpaka alipokufa sikujua alikuwa yupi kati ya hao watatu, na bila shaka naye hakujua mimi ni nani.

Siku hizo ndipo nikapata habari kutoka Siakago. Mchuuzi wa magadi mwenye pasi yake alinifikishia maneno ya mama yangu, kama alivyoyapokea, bila kuongeza: "Mtoto ameanza kuniita mimi mama. Miguu yangu imekwisha. Njoo umchukue kabla hajakusahau."

Nilikwenda kwa hedimani kuomba pasi. Akasema tutaona. Nilikwenda mara ya pili, akasema pasi si maua. Nilikwenda mara ya tatu. Alimtuma homgadi aniambie kwamba Alhamisi nitafika mbele ya kamati ya kuchuja watu, iliyotafuta waliokula kiapo.

Mezani palikuwa na ofisa kijana wa Kizungu, uso umebabuka kwa jua. Kando yake karani Mmeru mwenye kalamu. Hedimani alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Mlangoni alisimama koplo wa polisi, Mwislamu mzee wa pale Embu mjini, mtu ambaye Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, si ya shule kama yetu.

Ofisa aliuliza kwa Kiingereza, karani akanigeuzia kwa Kiswahili, ili ofisa naye afuate kidogo.

"Umekunywa?"

Ndugu msomaji, nimesema jinsi tunavyosema kwa lugha yetu. Lakini aliniuliza kwa Kiswahili, na Kiswahili nilifundishwa shuleni kwa fimbo. Kwa Kiswahili, kunywa ni kunywa. Tena hedimani alikuwa pale, mume wa mwenye sufuria, na majuma mengi sikuwa na kesi nyingine moyoni ila chai. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikaamua kusema kweli yote, maana uongo wa tumbo ulikuwa umenichosha.

"Nilikunywa, bwana," nikasema. "Miaka mingi. Lakini nikagundua sipendi, nikaacha."

Kalamu ya karani ikaanza kukimbia. Ofisa akakaa sawa. Karani akauliza ni nani aliyenipa mara ya kwanza.

"Mama wa Kizungu, kule misheni."

Kalamu ikasimama. Karani akanitazama, akamtazama ofisa, akaamua kutolitafsiri hilo. "Na baada ya huyo?"

"Mume wangu. Yeye ndiye aliyenizoesha."

Hilo akaliandika. "Na hapa kijijini?"

"Mke wa hedimani. Hutupa sote kila Jumatano."

Hedimani alisimama, kofia ikaanguka. Akasema mwanamke huyu ana wazimu. Ofisa akamwamuru kwa mkono aketi, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu mkubwa akiogopa kama tulivyoogopa sisi. Karani, jasho puani, akauliza ndani yake kulitiwa nini.

"Maziwa ya unga," nikasema. "Na sukari. Nyingi mno, bwana, hiyo ndiyo shida yangu."

Koplo akakohoa mlangoni. Akasema kwa adabu, "Afande, kwa ruhusa yako. Kiapo kwa Kiswahili huliwa. Huyu mama ameulizwa kama amekunywa, naye anajibu habari ya chai."

Hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini. Sikujihofia mimi. Nilikuwa nimemtaja mume wangu, kwa kinywa changu, mbele ya kalamu, kwamba ndiye aliyeninywesha. Na karatasi ile ilikuwa palepale juu ya meza, wino haujakauka.

Ofisa hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na niliona anapima kama mimi ni mjinga sana au mjanja sana. Kisha akaagiza chai iletwe. Ikaletwa katika kikombe cha bati. Akaniwekea mbele mwenyewe, na hedimani akaitazama kama mtu anayetazama mizani.

Nimeulizwa na watu wachache niliowasimulia kwa nini niliinywa. Niliinywa kwa sababu mtoto wangu alikuwa Siakago. Niliinywa yote, polepole, mpaka mashapo. Nikaweka kikombe chini nikasema, "Ahsante, bwana. Bado siipendi."

Koplo aliangalia nje. Ofisa akaandika kitu, akakisukuma. Ilikuwa pasi ya siku tatu, ya mama mmoja kwenda na kurudi na mtoto mmoja. Hedimani ndiye aliyenifuata mpaka nje kuniambia niondoke alfajiri na nisiseme lolote kwa mtu kuhusu mke wake, na sauti yake ilikuwa karibu kuwa ya kuomba.

Ile karatasi nilimwona karani akiipiga mistari ya kufuta. Kama aliichana baadaye, sijui. Mume wangu alirudi muda mrefu baada ya wenzake waliochukuliwa pamoja naye, na hakuna aliyetueleza sababu. Nilimweleza habari yote juma lilelile alilorudi. Akasema hata wao kule hawakujua kwa nini huyu anatoka na yule anabaki. Alinisamehe kabla sijaomba. Hata hivyo nimeibeba karatasi ile moyoni miaka yote, na nimemwachia Mungu aisome.

Basi alfajiri ile, na pasi yangu mkononi, nilianza safari ya Siakago, nikatembea siku nzima kushuka. Baridi ya mlima ilibaki nyuma, migomba ikaisha, ikaanza miti ya miiba na vumbi jekundu. Kwenye daraja la Ena askari walisoma pasi yangu kuliko nilivyowahi kuona mtu akisoma Biblia. Jua lilipokuwa likishuka nikafika kwa mama.

Alikuwa ameketi mlangoni akipura mtama. Mtoto alikuwa nyuma yake, ameshika shuka yake. Amerefuka, tumbo limeingia, macho yaleyale. Nilimwita. Hakuja. Mama yangu naye hakuinuka, hakunipa hata mkono.

"Nani aliyekupa pasi?" akauliza.

Nikasema ni ofisa.

"Hawagawi bure. Huko juu mtu hupata karatasi kwa kutaja watu. Umemtaja nani?"

Hayo aliniuliza mama aliyenizaa. Sikukasirika. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo hilo ndilo swali la haki. Nikaketi chini kwenye vumbi, mbali kidogo, nikamweleza yote: sufuria, Jumatano, karani Mmeru, koplo. Nikamweleza pia kwamba nilimtaja mume wangu bila kujua. Sehemu hiyo ningeweza kuiruka. Alisikiliza bila kuacha kazi, mtama ukidunda.

Nilipomaliza akasema, "Maneno haya ni ya ajabu sana kuwa kweli. Apa kwamba hukuuza mtu. Apa hapa kwangu, nikupe mtoto."

Nikasema, "Siapi, mama. Nimefundishwa nisiape kabisa, ndiyo iwe ndiyo. Na hata nisingefundishwa, nimeona viapo vilikotufikisha, vya msituni na vya serikali. Ukitaka, nitarudi bila mtoto. Lakini kuapa, hapana."

Aliendelea kupura. Nilijiuliza kama imani yangu imenigharimu mtoto wangu. Mama akaweka fimbo ya kupuria chini.

"Ungekuwa umetaja watu," akasema, "ungeapa haraka."

Akamshika mtoto mabegani akamgeuza anielekee. Akamwambia, kwa Kimbeere, taratibu, "Mimi ni nyanya. Huyu ndiye mama."

Mtoto hakuamini mara moja, na sikumlaumu. Siku ya pili njiani alinifuata kwa hatua kumi nyuma, akisimama nikisimama. Nilimpa nduma, akainusa kwanza. Nilimpa muwa, akaukataa. Sikumlazimisha kitu. Nilimwambia aniambie mwenyewe anachotaka, hata kama ni kesho. Karibu na daraja la Ena, ambapo askari walikuwa wakitutazama, alikuja akaingiza vidole vyake viwili mkononi mwangu. Sijui kama ni kwa upendo au ni kwa woga wa bunduki. Nilivishika. Tukavuka.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie chakula unachokipenda na watu wa kukila nao bila kutazamana kwa jicho la pembeni. Akupe majirani wanaokuja kuomba moto. Akulinde ulimi, na akikuonjesha uchungu, akuvushe salama na mtoto wako mkononi. Amina.